Walezi Watano kwa Kijana Mmoja

Juzi nilikuwa nikingoja muhuri kwenye ofisi moja hapa Makadara. Mbele yangu kijana wa shamba, mwizi wa madafu, alikuwa karibu kupelekwa shule ya watukutu. Afisa akauliza mlezi wake nani. Wakasimama watano.

“Fomu ina nafasi ya mmoja,” akasema, akivua miwani. “Nawe mzee, si ndiwe uliyemshitaki?”

“Ndimi, bwana. Nilitaka umtie hofu, sikutaka umchukue. Kesho ataanza kunipalilia minazi yangu, na hawa wanne watamwangalia.”

Afisa akaigeuza fomu, akaandika majina matano nyuma, akamwachilia.

Serikali ingali inatafuta mpango wa kuwalinda vijana wa mashamba. Mpango upo, umeandikwa upande wa fomu ambao wakubwa hawausomi.