Tangi Lisilotaka Kuguswa

Kiwandani walimwita Kiherehere, na hata mumewe hakuwahi kulipinga jina hilo. Alikuwa injinia wa kemikali, mama wa mapacha, mfupi, na alitembea kama mtu anayeitwa huku na kule kwa wakati mmoja. Akifurahi alipiga makofi. Akifikiri alipiga makofi pia, ila polepole.

Kiwanda kiligeuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa dizeli. Yeye alishughulikia kilichobaki: gliserini chafu, nzito, nyeusi kama lami, iliyochanganyika na sabuni. Kwa miaka ilimiminwa kwenye mapipa, ikapoa, ikaganda. Ukitaka kuisafisha, boila ilibidi iwake mpaka gliserini iyeyuke upya, na faida yote ikaishia motoni. Kutwanga maji kwenye kinu kuna nafuu.

"Lakini mtamboni inatoka ikiwa ya moto!" alimwambia meneja siku alipopata wazo, huku akiizunguka meza yake. "Kwa nini tuipoze halafu tuipashe? Tuidake palepale kwenye tangi, tutie asidi, tuiache itulie. Itajigawa yenyewe: mafuta juu, chumvi chini, gliserini katikati. Boila ipumzike, maskini!"

Wazo lilikuwa tamu. Kasoro yake ni kwamba lilimtaka mtu wa kutulia.

Jaribio la kwanza aliligongagonga tangi ajue kama limeanza. La pili akafungua koki, "nichungulie tu," na vyote vilivyokuwa vimejitenga vikarukiana kama ndugu waliopotezana. Meneja akasema la tatu ndilo la mwisho. Likiharibika, lori litabeba mapipa yote yakachomwe kwenye tanuri za matofali, na yeye atahamia ofisi ya ununuzi. Ofisi ya ununuzi! Mahali ambapo watu hukaa!

Kwa hiyo asubuhi ya jaribio, asidi ilipokwisha kuingia, aliuchomoa mkono wa koki akampelekea wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa mpima sampuli wa maabara.

"Wifi, nifichie huu."

"Nifiche mkono au nikufiche wewe?"

"Vyote viwili."

Wifi akautia mfukoni, akamkokota hadi kantini, akamketisha kona ya mwisho. "Kaa. Na miguu nayo ikae."

"Imekaa."

"Mbona meza inatikisika? Kaka yangu alituambia ameoa mke, kumbe ameoa cherehani!"

Kiherehere akacheka hadi chai ikamtoka puani. Akapanga vijiko, akavipangua. Akanyata hadi mlangoni, akarudishwa kwa sikio. Nje lori lilikuwa limeshafika, na dereva alipiga honi ya mtu mwenye haraka zake.

"Wifi, asidi niliipima sawasawa?"

"Uliipima wewe, nikaipima mimi."

"Na kama…"

"Kunywa chai."

Hatimaye mtu wa boila, ambaye hakuwa na maneno mengi, akachungulia mlangoni. "Njooni mwone."

Kiherehere alimpita kabla hajamaliza kugeuka. Kwenye kioo cha tangi mafuta meusi yalikuwa yameelea juu, chumvi imelala chini kama mchanga, na katikati palikuwa na kitu angavu, karibu na rangi ya dhahabu, kimetulia tuli. Meneja alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma.

"Fungua wewe, wifi," Kiherehere akanong'ona. "Mimi nitalitikisa tangi."

Wifi akautoa mkono mfukoni, akauchomeka kwenye koki ya katikati, akazungusha taratibu. Gliserini ikatiririka, angavu, rangi ya asali changa. Mtu wa boila akatazama mshale wa kipimo cha boila yake. "Leo sijui nimefanya kazi gani," akasema. "Haujapanda."

Meneja akakinga kidogo kwenye chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. Kiherehere alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mapipa yanabaki," meneja akasema. "Tutayachanganya kidogo kidogo na gliserini ya moto inayotoka mtamboni. Nawe unabaki hapahapa."

Yowe lililotoka lilisikika hadi getini. Alikinga gliserini kwa glavu zake, akamkumbatia meneja, akamwachia viganja viwili vya gliserini kwenye shati jeupe, akamkumbatia mtu wa boila, akakimbia nje.

"Sasa mimi nabeba nini?" dereva akauliza.

"Mbebe huyo," wifi akajibu kwa mbali, "kabla hajaligonga tangi!"

Lakini Kiherehere alikuwa ameshapanda, amekaa kando ya dereva, anapiga honi.