Vyombo saba na leso ya mama

Ko, ko, ko. Viatu vya mama kwenye sakafu ya mbao, vikija mbele. Mpaka leo navisikia, kwa sababu wakati huo sisi saba tulikuwa katikati ya muziki, na mimi nilikuwa nahesabu.

Kilikuwa kipande cha Mbrazili mmoja, cha violini, selo na vyombo vitano vya kupuliza. Ngoma ya mtaani iliyovishwa suti, ndivyo nilivyokisikia mimi. Klarineti nilijifunza kwenye bendi ya parokia, Lubumbashi, kwa sikio tu; noti nilizisoma polepole, kidole juu ya karatasi. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni, pale Ixelles, huku Ulaya, alishanionya: "Unakaa kimya vipimo ishirini vya muziki, halafu unaingia peke yako. Ukikosea kwenye onyesho la Jumamosi, mwakani nafasi yako nampa mwingine." Basi nikajifunza sehemu za wote saba, nikiziimba hata ndani ya basi. Watu wakinitazama, natabasamu.

Jumamosi hiyo nimefika onze, kipimo cha kumi na moja, mama huyu hapa, leso mkononi. Kwetu mpigaji akitoka jasho, mtu wake anapanda kumpangusa uso, ndiyo heshima. Kumwacha hivyo hivyo ni kama kumwambia hana mtu.

"Maman, bado tunapiga!" nikanong'ona.

"Pigeni, nani amewakataza? Jasho inakuingia mu macho, mutoto wangu. Nikuache tu?"

Akanipangusa paji la uso, mashavu, mpaka kidevu. Ukumbi ukacheka kidogo. Hesabu yangu ikapotea kabisa, na karatasi haikunisaidia kitu. Nikafumba macho, nikasikiliza: selo ilikuwa inashuka, basi bado filimbi iitikie mara mbili. Moja. Mbili. Nikaingia, sauti imenyooka, na mama bado kasimama pembeni yangu! Sikuona aibu hata chembe. Nilijivuna.

Mwishoni mwalimu alianza kwa kumshika mama mkono. "Madame, mwakani tutakuwa naye tena. Ila wewe subiri tumalize."

Mama akanigeukia: "Bon, mwambie basi yeye ndiye akupanguse."

Wenzangu walipotoka kwenda kunywa, nilibaki nyuma ya jukwaa kukusanya karatasi. Kwenye ukurasa wa mwisho wa klarineti, wapigaji waliotangulia walikuwa wameandika majina yao kwa penseli. Nikatafuta penseli, nikaandika langu chini yao, polepole, lote, pamoja na la ukoo.