Mashahidi wa Bi Mize

Bi Mize Haroub ana umri wa miaka sabini na kitu, na hicho kitu hajapata kumwambia mtu ni kiasi gani. Anakaa Wingwi, nyumba ya mwisho kabla ya kuanza maweni, pamoja na mbuzi saba na jiko la nje ambalo paa lake linasubiri kuezekwa tangu mumewe yu hai. Mchana husuka ukili wa mikeka. Jioni hufunga mbuzi. Katikati ya hayo ni mvyale, yaani mwenye dhamana ya pango la Kwa Mwanashura, kama alivyokuwa mama yake na bibi yake. Ukimuuliza kazi hiyo ikoje, atakwambia ipo.

Mimi ni Ngwali, karani wa sheha. Nimeandika mihutasari ya vikao vya shehia hii kwa miaka ishirini na mbili, kwa mwandiko uliosifiwa na wakaguzi mara mbili. Nalitaja hili ili ieleweke kwamba nikiandika jambo, limetokea.

Pango lenyewe halina la kumwonesha mtalii. Ni tundu kwenye jiwe la matumbawe. Unaingia umeinama, na ndani kuna maji yanayodondoka na vipande vya vyetezo vilivyofukiziwa ubani na watu waliokufa zamani. Mwenye haja yake huja na ubani, chupa ya marashi na halua kidogo. Huvua viatu. Bi Mize humtangulia mpaka mlangoni, husoma Fatiha, humwombea rukhsa, kisha hujitanda kanga mpaka usoni na kumpa mgongo. Mtu huingia, husema lake, hutoka, huondoka. Bi Mize hageuki mpaka nyayo zisisikike tena. Aliyekuja hamtaji kwa yeyote, hata kwa ndugu yake wa tumbo moja. Mvyale akimtaja mtu, pango limekufa. Ndivyo walivyorithishana.

Kila Ijumaa Shehe Suhail, imamu wetu, hutukumbusha mimbarini kuwa jambo hilo ni shirki, na sisi huitikia kwa vichwa. Katika shehia yetu hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kwenda Kwa Mwanashura. Njia ya kwendea huko, hata hivyo, haijaota nyasi tangu nizaliwe.

Mwaka juzi barabara mpya ikahitaji kokoto. Kampuni moja ya kuchimba mawe ikapewa eneo, ikaleta katapila mbili na ramani. Kwenye ramani hiyo Kwa Mwanashura palipakwa rangi ya njano, sawasawa na maweni yote ya jirani, na njano maana yake jiwe zuri. Pamoja na ramani alikuja Bwana Sameer, mtu mpole mwenye shati la kupigwa pasi, ambaye kazi yake ilikuwa kutuelewesha. Alituelewesha kwa soda na biskuti. Alisema baruti itapigwa mbali na nyumba, na kwamba jiwe ni jiwe. Watu walikasirika sana, kila mtu ndani kwake.

Sheha akaandika barua, mimi nikainyoosha lugha, na ofisi ya hifadhi ikamleta Bi Ruweida kutoka Unguja. Bi Ruweida alikuja na sheria ndani ya bahasha ya plastiki. Alitusomea kwamba sehemu ya mila ambayo watu wanaitumia mpaka leo haichimbwi, wala jirani yake, mita mia mbili kila upande. Ile iliyoachwa kutumiwa ni jiwe tu. Kinachotenganisha hizo mbili ni mashahidi watatu, wenyeji, watu wazima, watakaosimama mbele ya kikao, wataje majina yao na waseme kuwa wamekwenda pale kwa haja zao. Mvyale mwenyewe hahesabiki, kwa kuwa ndiye mwenye shauri. Kikao kingekaa baada ya wiki mbili. Wasipopatikana watatu, katapila zingeingia Jumatatu yake.

Sheha akanituma nikachukue majina.

"Asalaam alaykum, Bi Mize. Shikamoo."

"Waalaykum salaam. Marahaba, Ngwali. Keti hapo kwenye mkeka."

Nikamweleza. Watatu tu, si zaidi. Yeye aniambie ni nani na nani, mimi niwaendee kwa siri na kuwabembeleza.

"Majina ya nani?" akauliza.

"Ya waliokuja pangoni."

"Kwani wamekuja watu?"

"Bi Mize, watalipasua pango."

"Nshasikia. Mie si kiziwi." Mikono yake haikuacha kusuka. "Mama yangu kafa na majina ya watu kifuani, na bibi yangu vivyo hivyo. Leo weye wataka mie niyamwage mbele ya soda?"

"Na hao waliopata haja zao, hawana haya kukaa kimya?"

"Kawaulize wao."

Hapo ndipo mahali pangu pa kusema palikuwa, na sikusema. Miaka kumi na tisa kabla ya siku ile mke wangu, Buthaina, alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu. Asubuhi moja ya Jumatano nilikwenda Kwa Mwanashura na chupa ya marashi niliyoificha ndani ya mkoba wa mafaili ya serikali. Nikapewa mgongo kama watu wote. Mwaka uliofuata akazaliwa Manar. Huenda ni pango, huenda ni daktari, na kwa vyovyote ni Mungu. Buthaina sikumwambia. Jamaa zake ni watu wenye asili ya Omani, walinioza binti yao kwa shingo upande, na tayari walikuwa wakiniona mtu wa maweni hata bila msaada wa pango. Basi shahidi wa kwanza alikuwa mimi, nimekaa kwenye mkeka wa Bi Mize nikimwomba majina ya watu wengine. Na yeye alijua. Niliona aibu, nikaaga.

Katika wiki zile mbili Bi Mize alipungua mwili. Kila asubuhi alikwenda kufagia pangoni, na akirudi hakusuka. Siku moja nilimkuta kwenye baraza yake, mikono mitupu, mbuzi wanalia hawajapewa majani.

"Ngwali," akaniambia, "wakishapasua, mie ntakuwa nani?"

Nilimwambia Mungu yupo. Ni kweli, lakini halikuwa jibu.

Kikao kilikaa skuli, darasa la tano, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Bi Ruweida alikaa mezani, mbele yake sheria na msahafu. Mimi nilikaa pembeni na daftari langu. Bi Mize aliapishwa mwanzo kabisa, akatoa maelezo ya pango kwa sentensi nne, akarudi kukaa.

"Mashahidi wa Bi Mize wasimame," akasema Bi Ruweida.

Hakusimama mtu. Shehia nzima ilianza kuisoma ramani ya Afrika iliyochorwa ukutani, wengine wakiitazama Chadi kwa makini sana. Mimi nilikuwa nimeshughulika na tarehe, ambayo niliiandika mara mbili.

"Basi upande wa kampuni," akasema Bi Ruweida, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Bwana Sameer alikuwa na shahidi mmoja, na lazima niseme alichagua kwa akili. Alimwita Shehe Suhail. Shehe akaja mbele, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa.

"Shehe, dini inasemaje kuhusu kwenda kuomba kwenye pango?"

"Haijuzu kumwomba asiyekuwa Mungu."

"Na watu wa hapa wanaifuata dini?"

"Wanajitahidi."

"Kwa hiyo hakuna mtu anayekwenda pale."

Shehe aliutazama msahafu, akautazama mkono wake.

"Wapo wanaokwenda," akasema.

"Zamani, unakusudia."

"Nakusudia wapo. Wanakosea, na nimewaambia. Lakini mie nshaapa, siwezi kusema hawapo."

Bi Ruweida akainua kalamu. "Shehe, umejuaje?"

"Mie nilikwenda."

Bwana Sameer akatafuta kiti chake, akakaa.

"Mwanangu Nizar alikuwa mdogo, ana homa siku tisa, dawa zimekataa," akasema Shehe. "Mama yangu akaniambia nenda. Nikenda. Nikaomba toba siku ile ile, na mpaka leo naomba. Lakini nilikwenda kwa miguu yangu, na bibi yuno alinipokea kwa wema. Niandike."

Nizar, ambaye siku hizi ana duka na masharubu, alikuwa amesimama dirishani. Ilionekana wazi kuwa ndiyo kwanza anasikia. Mimi niliandika, na mwandiko wangu haukuwa wa kusifiwa na mkaguzi yeyote.

Bi Ruweida akageuka. "Bi Mize, ni kweli huyu alikuja kwako?"

"Mie sikumona," akasema Bi Mize.

Darasa zima likaguna. Bwana Sameer akainua kichwa.

"Bi Mize, anakusaidia," akasema Bi Ruweida.

"Namshukuru. Mungu amlipe. Lakini mie watu nawapa mgongo. Sikumona."

Nimeshaishi na watu wagumu, baba yangu mmoja wao, lakini ugumu wa namna ile sijauona. Nilitamani kumrushia daftari. Pango lilikuwa linakwenda, mtu amejivua nguo mbele ya waumini wake kulizuia, na yeye anashika masharti ya marehemu bibi yake.

Bi Ruweida akaweka kalamu chini. "Shahidi mmoja," akasema, "na mvyale hamthibitishi."

"Yarabi, mama yuno atatumaliza kwa heshima zake!"

Alikuwa Siti, muuza samaki, anayetuletea samaki wa kisiwa cha Fundo kila siku na ambaye sauti yake haihitaji kipaza. Alijikwamua kwenye dawati. "Mie nilikwenda. Mara nne. Niandike zote nne."

"Bi Mize?" akauliza Bi Ruweida.

"Sikumona."

Akasimama Mwalimu Abrahman, anayefundisha hesabu na asiyeamini jambo lisilo na hatua zake zote. Akasema alikwenda kabla ya mtihani wake wa chuo, na baada yake. Bi Mize hakumwona. Akasimama mzee mmoja wa Mgogoni aliyeoa kwetu. Hakumwona. Akasimama dada yake Siti, kisha mume wa dada yake, na hao wawili wakatazamana, maana kila mmoja alikuwa amekwenda kivyake. Watu wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliotua mzigo, na Bi Mize peke yake alikaa hacheki, akiwakana mmoja mmoja kwa adabu. Walipofika wanane, Bi Ruweida akainua mkono.

"Wanatosha," akasema. "Sheria ilitaka watatu."

Kwa hiyo nieleweke: sikuhitajika. Pango lilikuwa limeshapona bila mimi, na ningeweza kupiga mstari chini ya muhtasari na kwenda nyumbani na heshima yangu yote. Buthaina alikuwa amekaa upande wa wanawake, safu ya pili. Nikasimama.

"Karani, unahitaji kitu?"

"Nahitaji kujiandika," nikasema.

Nikasema yote: zile mimba tatu, Jumatano ile, mkoba wa mafaili. Nilisema nikimtazama mke wangu, kwa kuwa wengine haikuwa haki yao. Buthaina alivuta mtandio mpaka mdomoni na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nyumbani nilikuja kujua kuwa ni vyote viwili, na kwamba yaliyobaki angenieleza mwenyewe kwa wakati wake.

Bi Mize alinitazama muda mrefu kuliko alivyowatazama wenzangu.

"Na yuno pia sikumona," akasema.

Bi Ruweida aliandika uamuzi wake pale pale na kutusomea. Mashahidi tisa wamejitaja. Mvyale amekataa kumtambua hata mmoja. Kukataa huko ni sehemu ya mila, na mila inayoshikwa namna hiyo haijaachwa. Pango la Kwa Mwanashura na mita zake mia mbili lisiguswe. Bwana Sameer alimpa Bi Mize mkono, na nadhani alimpa kwa moyo. Mwezi uliofuata katapila zilipakiwa kwenye lori zikapelekwa maweni mengine, ambako sijui wanajibishana na nani. Shehe Suhail aliendelea kutuhutubia kuhusu shirki, na Ijumaa ya kwanza msikiti ulijaa mpaka nje.

Siku ile ya kikao nilitoka wa mwisho. Bi Mize alikuwa kwenye ngazi, anatafuta ndara zake kati ya ndara za watu. Nikamwokotea. Miaka kumi na tisa mimi na yeye tumepishana kwenye njia ile ile, tumeulizana mvua, mbuzi na karafuu. Sikupata kusikia akitaja kwamba nina mtoto.

Akavaa ndara moja, akavaa ya pili, akanishika mkono ili anyooke.

"Manar hajambo?" akaniuliza.

Nikamwambia hajambo, anasomea uuguzi, mrefu kuliko mama yake, na anaimba akiosha vyombo.

"Mashaallah," akasema. "Siku nyingi nataka kukuuliza."