Unga wa Magamba ya Konokono

Mwezi wa nane mwaka 1953, huko Kiringye, baba mkwe wangu aliamua kumjaribu mume wangu. Angeyeyusha mawe ya chuma bila kusaidiwa. Chuma kikitoka chema, nyundo ya ukoo ingekuwa yake. Kikiharibika, ingekwenda kwa mdogo wa mume wangu.

Kazi yangu ilikuwa magamba ya konokono wa ziwani. Yalichomwa, yakapondwa, kisha yakanyunyizwa juu ya makaa na mawe, ili mavi ya chuma yalainike na kutiririka, chuma kibaki peke yake. Mume wangu aliniagiza niyaache yawe chenga, kama mahindi ya vifaranga. Agizo hilo niliona linanidharau. Unga wangu wa muhogo ulisifiwa hadi Nyakabere. Nilitwanga siku mbili, nikachekecha.

Wifi yangu alicheka. "Wifi, weye iko napika bugali ao chuma?"

"Minye siwezi kupeleka chenga mbele ya wanaume," nilimjibu.

Tanuru lilikuwa limekwisha kuwaka mume wangu alipofunua kikapu. Aliusugua ule unga kati ya vidole, akanitazama. Baba yake alikuwa amesimama pale pale. Mume wangu angesema neno moja tu, ningeaibika mbele ya watu wa kwao. Hakulisema. Alinyunyiza.

Unga ulipenya kati ya makaa, ukashikana chini, kwenye midomo ya mabomba ya udongo. Upepo wa mivukuto ukakosa njia. Walipobomoa tanuru walikuta bonge jeusi, na lilipogongwa likavunjika kama tofali bichi.

"Nini kimeharibu?" baba yake aliuliza.

"Makaa, baba. Nilichoma miti mibichi."

Nilikuwa hatua tano kutoka kwao, na nilijua ni unga wangu. Niliokota kikapu changu kitupu.

Nyundo ilikwenda kwa mdogo wake. Februari 1954 tulihamia Songo, mume wangu akawa anafua visu kwa vyuma vya malori mabovu. Alifua vizuri sana. Hata hivyo kila mgeni kutoka Kiringye alimwita Makaa Mabichi, naye alicheka pamoja nao, huku mimi nikiwakaribisha viti. Oktoba 1958 nilianza shule ya watu wazima. Nilijifunza kuandika mengi, lakini jambo la unga ule sikuliandika.

Siku ya matanga ya mume wangu, mdogo wake alilitaja jina lile tena, kwa upendo. Watu wote wakacheka. Nami nilicheka.