Mshale Uliposhuka Wenyewe

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya woga. Wiki iliyotangulia nilikuwa nampeleka hospitali mama mwenye uchungu wa kujifungua, kwa gari la dizeli la zahanati yetu. Mlimani mshale wa geji ya joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, kisha ukashuka wenyewe. Nikamshukuru Mungu. Kona iliyofuata injini ikazima, mvuke ukatanda. Alijifungulia njiani, salama, lakini tangu hapo silali vizuri.

Alfajiri nilivuka mpaka wa Mutukula na madumu ya maji nyuma. Hadi Masaka niliitazama geji kuliko barabara. Nusura nigonge ng'ombe.

Nateete, kwenye gereji niliyoelekezwa, nilifika mchana. Fundi Abdala, Mnubi mwenye maneno mengi, alinipokea kwa kunizuia nisifungue kifuniko cha rejeta.

"Wacha, ndugu yangu! Itakuchoma sura yote. Ngoja ipoe."

Ilipopoa akafungua koki ya chini. Yakatoka maji ya kahawia yenye kutu. Sisi kwetu dereva husimama kwenye kijito chochote, akachota, akajaza, safari ikaendelea.

"Hii si kulanti, dawa ya kupoza injini," akacheka. "Hii ni chai."

Nikamsimulia jinsi mshale ulivyoshuka. Akaacha kucheka.

"Haikupoa. Maji iliisha. Geji inapima maji. Ikikosa maji, inapima hewa tu."

Kumbe nilishukuru injini ikiwa inaungua!

Alisuuza mara kadhaa, akajaza kulanti ya kijani, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Kila hewa ilipotoka kwa mapovu, kulanti ilishuka, naye akaongeza. Iliyobaki akanipa kwenye dumu.

Kurudi, mbele ya Masaka, kwenye kilima, mshale ulipanda kidogo, kisha ukaanza kushuka. Nikasimama kando, nikazima. Kulanti ilikuwa inachuruzika kwenye mpira wa rejeta, klipu imelegea.

"Ssebo, gari imekufa?" akaniuliza muuza ndizi, akiniita bwana kwa lugha yao.

"Bado," nikamjibu.

Ilipopoa nikakaza klipu, nikajaza, nikafika nyumbani.

Nilichojifunza ni kuuogopa mshale hata unaposhuka. Juzi ulishuka tena nikiwa na mama mwingine nyuma. Nikasimama. Alinitukana matusi yote anayoyajua, na alikuwa na haki. Nilifunua boneti, nikimwomba Mungu mtoto asubiri injini ipoe.