Mbegu za Tikiti Safu ya Nne

Alhamisi ile nilifika ukumbini mapema mno, kama kawaida yangu, nikashika viti viwili safu ya nne, mbali na feni inayolia. Nilikuwa mwanafunzi Khartoum, mtoto wa Songea niliyejifundisha mambo ya okestra mwenyewe kwenye simu, kwa hiyo niliogopa kila kitu: kupiga makofi pasipo pake, kukohoa, kukosa mwanzo. Jukwaani wapiga fidla walikuwa wanalinganisha nyuzi. Niliweka simu gotini, tayari kurekodi.

Ndipo Mama Ihsan, mwenye nyumba niliyopanga, akakaa kando yangu, akafungua mkoba na kutoa pakiti ya mbegu za tikiti zilizokaangwa.

"Mama, leo narekodi."

"Rekodi, binti yangu. Nani amekuzuia?"

Akapasua ya kwanza.

Kule watu hawasikilizi okestra kama wako msibani. Wimbo ukiwakolea husimama, hunyoosha mkono na kumdatishia mwimbaji vidole. Hilo nilikwisha kulizoea. Mbegu sikuzizoea. Alizipasua palepale fidla zinaponyamaza ili udi, gambusi la Kiarabu, uingie peke yake. Nikamkazia macho. Akanimiminia mbegu kiganjani.

"Kula," alininong'oneza sikioni. "Umekunja uso kama trafiki."

Nilirudi nyumbani nimenuna.

Vita vilianza Ramadhani ikiwa ukingoni. Tulikuwa tumelala baada ya daku, madirisha yakatikisika. Mama Ihsan alidhani ni mtungi wa gesi wa jirani.

Haukuwa mtungi.

Tulihamia koridoni, mahali pasipo na dirisha: mimi, yeye, na mama mkwe wake ambaye hakuweza tena kutembea. Umeme ulikatika. Maji yakafuata.

Ndege zikipita juu, tulijikunyata ukutani.

Zikishapita, Mama Ihsan aliimba kwa kinywa zile sehemu za fidla za Alhamisi, na alizikosea.

"Hapo siyo hivyo," nilimwambia. "Kwanza zinashuka."

"Nyumba inataka kutuangukia, wewe unanisahihisha!" Alicheka mpaka mkwewe naye akacheka.

Basi la kututoa wanafunzi lilipopatikana, nilimsihi tuondoke wote. Nilimsihi kwa hasira, maana mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Na huyu nimbebe mgongoni?" Alimwelekezea mkwewe kidevu. "Nenda. Mama yako anakungoja." Akanitia pakiti ya mbegu mfukoni.

Kwenye kizuizi askari alituteremsha.

Akaniambia nitoe vilivyomo mfukoni.

Akaifungua pakiti, akaonja, akaendelea kula. Bunduki ilining'inia begani mwake, mtutu ukinielekea tumboni. Alipochoka kutuangalia, akatupungia mkono tupande. Pakiti alibaki nayo.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani Songea. Ihsan, binti wa mwenye nyumba wangu, anayeishi ng'ambo, akanitumia ujumbe. Mama yake alitoka kwenda uani kuchukua ndoo ya maji. Kombora likapiga ukuta. Mkwewe, aliyekuwa koridoni, alitolewa mzima.

Miaka imepita. Waliokuja kunipa pole wameacha kuja. Siku hizi wanauliza tu chuo nitamaliza lini. Huku hakuna ukumbi wa okestra. Nilikuwa na rekodi ile tu, kwenye kadi ya simu. Nakala yake ilibaki kwenye kompyuta niliyoiacha koridoni. Jioni niliisikiliza kwa spika za mdogo wangu Rajabu, fundi wa mitambo ya muziki harusini, na kila jioni nililalamika: hizi mbegu jamani, hizi mbegu zimeharibu kila kitu.

Wiki iliyopita Rajabu aliniita, uso unang'aa.

"Dada, nimekusafishia. Programu imetoa takataka zote. Sikiliza."

Nilisikiliza. Fidla zilinyamaza, udi ukaingia peke yake. Safi kabisa.

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo? Nimesevu juu ya ileile."

Nilimfokea mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwenzio kakutengenezea, wewe unamgombeza?"

"Dada, ulikuwa unazilalamikia kila siku," Rajabu alisema taratibu. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mbegu zile ndizo zilikuwa Mama Ihsan. Picha yake sina. Sauti yake nyingine sina.

Jana mama alikaanga mbegu za maboga. Nilichukua bakuli, nikakaa mbele ya spika. Mahali pa kila mbegu napajua, hasira ilinikaririsha. Fidla ziliponyamaza, nikapasua.

Nikachelewa. Nikarudisha nyuma, nikapasua tena, nikachelewa tena.

Rajabu alikuwa amesimama mlangoni. "Dada, hata hapo ni sawa tu."

"Siyo sawa," nilimjibu. "Yeye hakuwa anazisubiri fidla zimalize."

Akaja akakaa, akachota mbegu bakulini. Nikarudisha mwanzo.