Amri ya Sita ya Mama

Mama yangu ndiye aliyenikosesha swali la mtihani wa kipaimara, nami nilimkasirikia kwa dakika tano nzima. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu.

Ilikuwa Ijumaa mchana katika kanisa dogo la shule yetu ya Kilutheri, mbele kidogo ya Nyamasaria. Mchungaji, ambaye pia alitufundisha somo la dini, alikuwa akituuliza katekisimu mmoja mmoja mbele ya wazazi. Ukishindwa, Jumapili unakaa pembeni ukiwatazama wenzako wakiwekewa mikono. Na gauni langu jeupe lilikuwa limeshapigwa pasi.

Mama alikuwa amefunga kibanda chake cha viazi mtaani kwetu Manyatta ili aje. Sisi kwa asili ni Wapresbiteri wa Nyeri, na amri kumi alinifundisha yeye mwenyewe tukichagua viazi, akizihesabu kwa vidole vyenye udongo. Shule aliiachia darasa la nne. Mtihani wa maana hajawahi kufanya maishani mwake.

"Amri ya sita," Mchungaji akaniambia.

Niliijua, kijitabu nilikuwa nimekikariri chote. Lakini nilimtupia Mama jicho kule nyuma, naye akainua vidole vitano na kidole gumba cha mkono wa pili, midomo ikinong'ona. Nikaifuata midomo.

"Usiue."

Wenzangu wakaguna. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Walutheri huhesabu tofauti, na kwao "usiue" ni ya tano.

"Mama," Mchungaji akasema, "naona umemsaidia."

Mama akasimama. "Mimi ndiye nimemkosesha, Mchungaji, yeye hana makosa. Lakini kwetu ya sita ni usiue, na siwezi kudanganya kanisani."

Nilitamani ardhi inimeze. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Akaeleza kwamba Walutheri huiweka ile ya sanamu ndani ya amri ya kwanza, halafu mwishoni huigawa ya kutamani mara mbili. "Zote ni kumi, Mama. Hakuna iliyopotea." Kisha akamuuliza lile swali ambalo katekisimu huliuliza baada ya kila amri: "Na maana yake ni nini?"

Mama hakuwa na kijitabu. Alijipangusa mikono kwenye leso.

"Maana yake, mtu akipita kibandani kwangu na njaa, na viazi viko, nisijifanye sijamwona."

Mchungaji akakifunga kijitabu. Ndivyo kilivyosema, ila kwa maneno mengi zaidi.

"Umepita, Mama. Keti." Akanigeukia. "Na wewe? Ya sita ya hapa?"

"Usizini," nikasema nikiangalia viatu, maana kulitamka neno hilo mbele ya mama yako ni kazi. Nikapita. Hasira zote ziliniisha, nikawa na furaha ya kupitiliza.

Pale getini mtu wa boda boda akatuuliza tunaenda wapi.

"Nimepita mtihani," Mama akamwambia.

Ikabidi mimi nimtajie Manyatta.